Kikohozi Nyuma ya Ukuta wa Mbao

Baba,

Mwaka umekatika tangu asubuhi ulipotutoka, na bado tunakusikia ukikohoa.

Tuseme mapema, wanaosoma wasije wakadhani tumechanganyikiwa. Tulijua anayekohoa ni Karani, mbwa wako. Ila kikohozi chenu kilikuwa kimoja: kikavu, cha kukatika-katika, chenye mkoromo mwishoni. Tena kilitokea upande uleule, karakana, nyuma ya ukuta wa mbao unaoitenganisha na jiko. Shangazi alipokuja kutuona baada ya msiba alikisikia, akaweka kikombe chini, akaaga chai ikiwa bado ya moto. Hajarudi tena. Anasema atakuja tukihama.

Mtaani wanakukumbuka kwa makochi. Ulikuwa fundi wa kuaminika, tena mwenye maneno. Uliongea na wateja huku umebana misumari midomoni, nasi roho juu, tukihofu kwamba ukikohoa utaimeza. Hukuruhusu kochi litoke kabla hujalikalia mwenyewe, ukajinyoosha na kufumba macho. Mteja akiwa na haraka ulimwambia asubiri, bado unalisikiliza. Bibi wa nyumba ya pili alipoleta kiti chake, na alikuwa nacho hicho kimoja tu, ulimbebea cha kwako hadi kwake akikalie wakati unatengeneza. Sisi tulikula tumesimama kwa zamu, na hukuona kosa lolote.

Karani ulimpa jina hilo kwa sababu alikaa mlangoni akimkagua kila anayeingia, kana kwamba anamwandikisha. Uzee ulipomfika akaanza kukohoa. Tulidhani amekwamwa na mfupa. Mama akasema ni baridi. Wewe ukamchukua kwa daktari wa mifugo, akampima, akasema ni moyo: umetanuka, unabana njia ya hewa, na maji yanajikusanya mapafuni. Hatapona kabisa, alisema, lakini akipewa vidonge vyake kila siku ataishi kwa raha.

Basi ukawa muuguzi. Ulimvua mkanda wa shingoni ukamshonea wa kifuani kwa mabaki ya kitambaa cha makochi, chekundu chenye maua, akawa anapita mtaani kama kochi lenye miguu. Ulinyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia ili vumbi la sponji lisimfikie. Ulimpunguzia chakula asinenepe, naye akakununia. Na wewe mwenyewe, kichwa ngumu, tukikwambia nenda kapime hicho kifua, ulijitia hamnazo. "Si mimi," ulisema, "ni Karani huyo." Tukacheka, maana ulijua kuchekesha.

Ulipoondoka, Mama alichukua kazi ya vidonge, na mdogo wetu wa mwisho, uliyemwita Sindano kwa wembamba wake, akachukua karakana. Kwa muda Karani alitulia. Halafu kikohozi kikarudi, kikazidi, hadi akawa analala ameketi, shingo ameinyoosha mbele. Na kila kiliposikika, Mama alijibu kutoka jikoni, "Pole, baba watoto." Mwanzoni tulidhani ulimi umeteleza. Akaendelea, nasi tukaacha kutazamana.

Mwezi uliopita nilimwita yule daktari. Aliuliza kama mbwa anapata dawa. Mama hakuficha, alisema ameacha kumpa.

"Akikohoa kule, nyumba inakuwa na mwenyewe," alisema. "Mkimnyamazisha, mimi nitabaki na nani?"

Daktari hakubishana naye. Alichukua mkono wa Mama akauweka kwenye mbavu za Karani.

"Mama, huyu hakuiti. Anatafuta hewa."

Mama aliuacha mkono pale muda mrefu. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka upesi-upesi. Kisha akaomba kidonge, akakificha ndani ya kipande cha nyama, akampa mwenyewe huku analia. Nilikuwa nimemkasirikia, Baba, kwa ajili ya mbwa. Nilipomwona vile hasira zikaniisha. Siku ya mazishi hakudondosha chozi, alikuwa akihangaika na wageni. Nadhani alikuzika siku ile ya kidonge.

Karani tulimhamishia jikoni, mbali na vumbi. Kikohozi kikapungua taratibu, hadi ikawa tunakisahau. Nyumba ikawa kimya, na kusema kweli kimya kile kilitutisha kuliko kikohozi. Mama alizoea kusimama katikati ya kazi, sufuria mkononi, akisubiri.

Leo asubuhi tulikuwa tumekaa jikoni, mimi na yeye, tukitafuta maneno ya kukuandikia. Tukakusikia. Kikavu, cha kukatika-katika, mkoromo mwishoni, nyuma ya ukuta wa mbao. Nilitazama chini. Karani alikuwa amelala miguuni pa Mama, usingizi mzito, mdomo umefungwa. Kikarudia. 

Mama ndiye aliyeinuka. Alifungua mlango wa karakana, nami nyuma yake nimemshika nguo kama mtoto. Hukuwepo. Alikuwepo Sindano, ameinama juu ya kochi, mkono mmoja kifuani. Alipotuona alijiweka sawa, akatabasamu, akasema ni vumbi tu. Miezi yote hiyo kumbe naye alikuwa anakohoa, akikibana tusisikie, na kila kilipomponyoka tulimsingizia mbwa.

Mama hakumpa pole.

"Vaa viatu," alisema. "Hospitali. Sasa hivi."

Tunaokukumbuka ni mkeo, pamoja na mwanao Sindano, ambao wakati naandika haya wako kwenye foleni ya kumwona daktari. Dada yako, ambaye anakukumbuka akiwa kwake. Karani, aliyepata kidonge chake cha leo. Na mimi binti yako wa kwanza, uliyeniita Hakimu, niliyebaki hapa jikoni nimeukazia macho mlango.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote, Baba. Lakini Sindano hatukupi.