Wasifu Niliomsomea Mama Mara Tatu

Jumamosi, saa kumi alasiri. Nkuhungu. Upepo wa mwezi wa nane umeamka na vumbi lake. Nimefunga madirisha yote na bado meza ina mchanga. Nimerudi mjini kuchukua nguo za watoto. Alhamisi tulimzika mama kule Hombolo, kesho tunaanua matanga.

Sijalia vizuri bado. Nalia vipande vipande, nikiosha kikombe, nikitafuta soksi.

Nafundisha Kiingereza sekondari, mwaka wa kumi na saba huu. Nilipokuwa chuo nilijua kabisa nitakuwa mwandishi wa vitabu. Riwaya yangu ina sura tatu. Ya nne niliiahidi kila likizo mpaka nikaona haya kuiahidi tena. Utu uzima umenipitia hivyo: ada, vikao, madaftari ya kusahihisha. Vitabu nilivyokuwa namaliza kwa siku mbili sasa vinanilalia kifuani, nimesinzia ukurasa wa tano.

Kuna kitu kimoja tu ninachoandika na watu wakakisikiliza. Wasifu wa marehemu. Mtu akifariki katika ukoo wetu, au mtaani, au kazini, simu inakuja kwangu hata sanduku halijanunuliwa. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye lugha." Nimewaandikia hata nisiowajua. Napewa mambo machache kwenye simu, nayapanga: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa, watoto aliowaacha. Dakika tano, si zaidi, maana jua linachoma na mchungaji naye ana ratiba.

Kukata ndiyo kazi yangu. Darasani nafundisha ufupisho: chukua habari ndefu, toa yasiyo ya lazima, bakiza maneno mia moja. Swali hilo wanafunzi wangu hawalikosi, na nimekuwa nikijivunia.

Mwezi wa sita, figo za mama zikiwa zimeshachoka, nilikwenda kukaa naye wiki mbili za likizo. Asubuhi moja tunaota jua nje, akaniambia niandike wasifu wake, nimsomee. Nikamwambia aache uchuro.

"Siku hiyo mtasikia ninyi. Mimi nataka kusikia leo."

Nikaandika. Nilitumia ustadi wangu wote. Niliweka shamba la zabibu alilolianza na jembe moja, miaka yake ya kwaya, na jinsi alivyotusomesha sisi wanne ilhali yeye aliishia darasa la nne. Nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho, kisha akasema nirudie. Nikarudia. Kesho yake akaomba tena, na nilipokaribia mwisho akaninyooshea kidole.

"Hapo penye watoto. Pole pole."

Nikasoma pole pole: alijaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani anafurahia uandishi wangu. Nilirudi mjini nimevimba kichwa.

Alhamisi nilisoma vilevile, sikubadilisha hata neno. Spika ilikuwa nzuri. Watu walilia pale nilipotaka walie. Binamu mmoja alinifuata kwenye foleni ya chakula, akaomba nimtumie wasifu huo kwenye simu autunze kwa ajili ya baba yake, ambaye hali yake si nzuri. Alisema atabadilisha majina tu.

Jana mama mdogo Debora, mdogo wa mwisho wa mama, aliniita tuchambue maharage ya wageni. Hakunilaumu. Aliongea ameinamia ungo.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Ila Elia hukumtaja."

Elia ni mtoto wa kwanza wa mama. Aliishi miezi saba, akafa kwa homa, kabla yeyote kati yetu hajazaliwa.

Ningependa kuandika hapa kwamba sikujua.

Nilijua. Bibi aliniambia nikiwa darasa la tano, na mara nyingi nilimwona mama akipalilia mahali pembeni mwa shamba pasipo na zao lolote. Nilipokuwa naandika, jina la Elia lilinijia. Nikaona litarefusha. Kwenye wasifu tunahesabu aliowaacha, nikajiambia, na huyu alitangulia. Nikamkata.

Nikamwuliza mama mdogo kwa nini mama hakuniambia.

"Dada hakutaka kukuomba. Aliniambia, Mwalimu kanisomea mara tatu. Labda ya nne atamkumbuka."

Ya nne ndiyo ile ya Alhamisi.

Miaka kumi na saba nawauliza watoto wa watu mwandishi alitaka kusema nini. Mama yangu mzazi alininyooshea kidole mahali penyewe, nami nikaendelea kusikiliza sauti yangu. Nina uchungu ambao sijui niuweke wapi. Nilikuwa na wiki mbili nzima. Ningeweza kumuuliza mama mtoto huyo alifananaje, alichekaje, nani alimzika. Sasa hakuna ajuaye, mama mdogo mwenyewe alikuwa mdogo.

Nimempigia kaka, nikamwomba kesho anipe dakika mbili kabla ya sala ya mwisho. Anasema wasifu hausomwi mara mbili, watu watashangaa, na ya zamani tuyaache yapumzike. Huenda yuko sahihi. Hata hivyo nitasimama. Nitasema mama yetu alizaa watoto watano, wa kwanza aliitwa Elia, akaishi miezi saba. Kisha nitakaa.

Watasikia wote watakaokuwepo. Aliyekuwa akiingoja sentensi hiyo tumeshamzika.