Picha ya dada kwenye ubao wa wavivu

Dada aliacha kuja mazoezini Jumatatu ile aliyolazwa hospitalini. Alhamisi tukamzika. Wewe unajua, ulinishika mkono kaburini.

Leo nimerudi kwenye ukumbi wa mazoezi mara ya kwanza tangu mazishi. Mlangoni kuna ubao mpya wenye picha: WALIOKATA TAMAA. Dada yuko katikati. Katikati, mwenzangu!

Nikamuuliza kocha, "Hii nini?"

Akacheka. "Dawa ya wavivu hiyo. Mwambie dada yako aache visingizio, arudi."

Mwambie dada yako! Mbele ya watu wote.

Nikamwambia amefariki. Unajua alinijibu nini? "Pole. Lakini si mngetoa taarifa?"

Taarifa! Miaka miwili dada hakukosa hata siku moja, mvua inyeshe, jua liwake. Leo ndiye aliyekata tamaa?

Nikaibandua picha. Akafoka, "Rudisha! Hiyo ni mali ya ukumbi!"

Nikamwambia, "Njoo uichukue, kama huna haya." Mimi huyu! Watu wakaacha vyuma wakatutazama. Hakusogea.

Nikatoka nayo.

Pale sikanyagi tena. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakimbia barabarani, peke yangu.