Aliyembatiza Perpetua

Garissa,
12 Septemba 1966

Dada Malemba,

Perpetua amebatizwa! Amebatizwa tayari, bila padri, bila wasimamizi, hata gauni lile jeupe halijatoka sandukuni. Na aliyembatiza ni mwanamke Msomali, Mwislamu wa swala tano. Keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Hujambo, dada yangu? Shemeji hajambo, na mgongo wake? Kifua cha Mama kimepoa, au baridi ya huko mlimani bado inamsumbua? Sisi tunapumua. Baba Perpetua angali karani, na mkubwa wake amesema mbele ya watu kwamba pale ofisini hakuna mwandiko unaoushinda wa Mtaita wake. Usinicheke, si mimi niliyesema, ni mkubwa.

Na mtoto, Malemba! Sitaki kukuudhi wewe uliyejaliwa watoto wengi, lakini katika ukoo wetu hajazaliwa mwingine kama huyu. Ana paji la uso la Baba na vidole virefu kama vya mwalimu. Wale wa upande wa mume waliokuwa wakisema mwana wao ameoa gogo, na waje wamtazame gogo limechipua nini.

Matayarisho niliyaanza tangu mimba. Unajua Wakatoliki huku ni haba. Kanisa hatuna, Misa husomwa darasani, na padri huja na msafara wa magari ya jeshi, njia ikiwa salama, na siku hizi haiwi salama. Hata hivyo nilichagua wasimamizi kama mtu achaguaye kanga dukani. Nilimtaka Sajenti Mutisya wa Kitui, mwenye nishani kifuani, na mkewe Fransiska avaaye kofia kanisani. Bonifasi, mpishi wa kambi, alikuja mwenyewe kusema kwamba tukikosa mtu yeye yuko tayari kumshika mtoto. Nikamjibu kwamba hatujakosa mtu. Alipotoka nilimwambia Baba Perpetua kwamba mwanangu hashikwi na mikono inayonuka vitunguu, naye akanijibu kwamba hajasikia vitunguu vimemfungia mtu mlango wa mbinguni. Basi sajenti akahamishiwa Takaba. Hakufika. Gari lao lilikanyaga bomu lililofukiwa njiani, na Fransiska akarudi kwao Kitui bila kuaga mtu.

Hapo ndipo nikuelezee Habibo, maana katika barua zangu zote nilikuwa nikikuandikia habari za wakubwa tu. Habibo ni jirani yetu, nyumba yake inatazamana na yetu, katikati njia tu ya mchanga. Mumewe, Diriye, alikwenda na ngamia malishoni tangu mwaka jana na hajulikani aliko. Yeye anauza maziwa sokoni na kulea watoto wawili. Ndiye aliyenishika kiuno siku ya kujifungua, ndiye aliyeniletea maziwa ya ngamia mpaka nikarudisha damu. Ananiita abaayo, yaani dada. Herufi ya P haimtoki mdomoni, na Z huigeuza S, hivyo mwanangu kwake ni Berbetua, na nikimsahihisha ananiambia nilimpa mtoto jina la kuvunja meno. Wao mtoto humpa jina siku ya saba na mbuzi huchinjwa. Alikuwa akinitania kwamba sisi Wakristo mtoto hukaa bila dini mpaka padri apate lori.

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, risasi zililia sokoni asubuhi. Likapita gari la kipaza sauti likitangaza kwamba mtu yeyote asitoke nje mpaka amri nyingine. Baba Perpetua alikuwa ameshafika ofisini, akafungiwa huko. Saa sita mtoto akashikwa na homa. Saa tisa ilikuwa degedege, Malemba. Macho yaligeuka, midomo ikawa ya majivu, mgongo ukakakamaa mikononi mwangu kama ubao. Bati la hospitali nilikuwa naliona kutoka mlangoni, na sikuweza kulifikia. Nikapiga kelele. Wanaume wa mtaa walizisikia kelele zangu. Aliyevuka ile njia ni Habibo, ameinama, buibui amelikunja mkononi.

Na mimi, badala ya kulia tu kama mama wengine, nikakumbuka katekisimu. Unajua ni nani aliyekuwa akiongoza darasa letu. Hata ile picha ya Mtakatifu Perpetua aliyonipa katekista wetu, Mzee Mwachofi, kama zawadi ninayo bado ukutani. Nikaikumbuka kanuni: katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiye Mkristo, ila mzazi asimbatize mwanawe. Nikamwambia Habibo achukue maji, nami nitamfundisha maneno.

Akarudi nyuma mpaka ukutani. Alisema kumwagia mtoto maji ataweza, kumwombea dua ataweza, lakini mimi namtaka aseme Mungu ana mwana, na kesho akiulizwa mbele ya Mola wake atajibu nini. Nikapiga magoti, mimi mke wa karani, nikamshika pindo la nguo. Nikamwambia maneno si yake, ni yangu, yeye anibebee tu. Unajua wauza maziwa wa huku hupokezana zamu. Leo huyu anabeba sokoni maziwa ya mwenzake, kesho mwenzake anabeba yake, na hakuna anayesema maziwa ya mwenzie ni yake. Nikamwambia anibebee hivyo. Akaniuliza mara mbili kama kweli ni kubeba tu. Nikaapa.

Akachukua birika alilotawadhia adhuhuri, maana alikuja nalo kumpoza mtoto, akammiminia kichwani mara tatu, huku akinifuata neno kwa neno, "Berbetua, nakubatisa," mpaka mwisho. Pale kwenye Mwana sauti yake ilishuka, lakini alisema. Nia yake ilikuwa kunifanyia lile tunalolifanya sisi, na alinitamkia hivyo. Kisha mtoto akapiga chafya, mwili ukalegea, akatafuta ziwa. Habibo akafuta uso wake, akacheka, akasema nimwambie huyo badri wangu asihangaike na lori, kasi yake ameshafanyiwa na mwanamke wa masiwa.

Barua ingeishia hapa ingekuwa nzuri.

Nilimwomba asirudi, abaki mpaka amri iondolewe. Akasema watoto wake wako peke yao na mdogo anachezea moto. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amefika katikati ya ile njia. Mlio ulikuwa mmoja tu. Wa serikali wanasema walikuwa shifta, wale waasi wa porini. Watu wake wanasema ilikuwa serikali. Mimi niliyekuwa mlangoni na mtoto ziwani sikuona ila birika likibingirika mchangani na maji yakimezwa.

Mtu wa kwanza kutoka nyumbani mwake alikuwa Bonifasi, anayekaa mtaani kwetu, siku hiyo akiwa katika mapumziko. Alitoka na aproni, mikono juu, akambeba Habibo mpaka kwa mama yake. Walipomzika kesho yake, alisimama mbali, nje ya watu, mpaka wakamaliza. Nimekwenda mwenyewe kumwomba awe baba wa ubatizo. Hakunikumbusha neno langu. Alisema tu kwamba ataoga vizuri siku hiyo.

Juma lililopita padri alifika. Nilimsimulia yote, naye akasema ubatizo ule ni halali na haurudiwi kamwe. Yamebaki mafuta, chumvi, kitambaa cheupe na wasimamizi. Nilijivuna, Malemba. Mungu anisamehe, hata siku hiyo nilijivuna, nikamtajia kanuni yangu. Kisha akaniambia polepole kwamba kanuni hiyo ina mkia: mzazi asimbatize mwanawe, isipokuwa mtoto yu karibu kufa na hapana mtu mwingine. Na mimi, kabla Habibo hajavuka, nyumbani nilikuwa peke yangu. Kikombe kilikuwa mezani, maji mtungini, mikono yangu yote miwili mizima. Na mtoto mwenyewe hakufa, degedege lilipita lenyewe, kama linavyowapita watoto wa watu kila siku.

Hili sijamwambia mtu. Baba Perpetua anasimulia ofisini jinsi mkewe alivyoijua dini, nami namwacha asimulie. Mtaani wapo wasemao Habibo alikufa na maneno yetu mdomoni, na kwamba ndiyo sababu. Nilikwenda kwa mama yake, Lul, nikamweleza kwamba alinibebea tu, hayakuwa yake. Alinitazama, akaendelea kumlisha mjukuu. Mtoto wangu ananenepa, dada. Kila akinyonya nahesabu nani analipa.

Wewe ulikaa nami benchi moja. Nakuuliza, na unijibu kweli: Mzee Mwachofi aliutaja mkia ule? Kama hakuutaja, nitamlaumu marehemu. Kama aliutaja na mimi nilikuwa nimeshanyosha mkono kujibu kabla hajamaliza, niambie pia, maana ndivyo ninavyoogopa, na usiku wote nausikia mkono wangu ukinyooka.

Mama wa ubatizo utakuwa wewe. Sitaki tena mwenye kofia. Pandeni gari moshi mpaka Nairobi, kisha basi la Thika, muungane na msafara. Msidiriki kuja peke yenu. Karamu haitakuwepo. Msalimie shemeji na watoto, umwambie Mama mjukuu wake ana afya, na hayo mengine usimsomee. Nimemtajia Lul siku yenyewe. Hakukubali wala hakukataa. Padri amesema itakuwa Jumapili, tarehe tisa Oktoba, saa tatu asubuhi. Njooni wote.

Ni mimi mdogo wako,
Apolonia Mghoi