Matusi ya Mtu wa Majani

Busia, 9 Septemba 1967

Kwa ndugu yangu Rasto,

Salamu nyingi sana. Huku tu wazima, ila kitinda mimba wangu ana kikohozi. Mke wako na watoto hawajambo?

Sasa nisikilize, maana nina hasira. Jumamosi nilikuja huko Tororo kwenye maonyesho ya kilimo pamoja na Madamu, yule Mwingereza mkuu wa shule ya wasichana ninayoipelekea maziwa. Kikaingia kikundi cha ngoma ya mapacha, ile inayochezwa mapacha wakizaliwa. Mmoja amejifunga majani mwili mzima, uso kauficha ndani ya kibuyu. Akamtukana chifu, akamtukana padri, kisha akaninyooshea kidole: "Ng'ombe wa Felistus hakamuliwi, anachotwa mtoni." Watu wakavunjika mbavu. Madamu akaomba atafsiriwe. Jumatatu maziwa yangu yakarudishwa getini.

Wewe ni mkalimani wa mahakama. Nataka kumshtaki mtu yule kwa kunichafulia jina. Nianzie wapi?

Dada yako,
Felistus

Tororo, 14 Septemba 1967

Dada mpendwa,

Barua imefika. Sisi hatujambo, na mpe mtoto asali kwa ndimu.

Kesi hiyo huna. Aliyevaa majani alimtukana kila mtu, na hakuna mwenye akili anayeyachukua matusi ya ngoma kama habari za kweli. Tena unajua desturi: kwenye ngoma ya mapacha anayekutukana ni wa kwenu, nawe unamjibu papo hapo, maneno yanaishia uwanjani. Wewe ulinyamaza ukaondoka. Na utamshtaki nani? Aliyevaa majani hatajwi jina. Achana nayo, yatapita.

Ndugu yako,
Rasto

Busia, 25 Septemba 1967

Rasto,

Natumaini hamjambo. Mtoto amepona, asante kwa asali.

Uwanjani kwa dada yetu Aguti, aliyejifungua mapacha, ningekubali maneno yako. Lakini pale watu walilipa kiingilio, na Madamu hana habari na mapacha wala majani. Kwake neno ni neno. Shule sasa inachukua maziwa kwa mtu mwingine, na akina mama wa kanisa wameanza kunusa mtungi wangu kabla ya kununua. Inaniuma sana. Nimekamua kwa haki miaka kumi na mbili.

Kuna jambo jingine. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwaga maziwa ya baba, nikajaza mtungi kwa maji ya mto. Aliyeniona ni mmoja tu, nami nikampa muwa mzima anyamaze. Hata mume wangu hajui.

Jumamosi ile ulikuwa wapi?

Felistus

Tororo, 2 Novemba 1967

Dada yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya wiki tano. Afya ninayo, usingizi sina.

Ni mimi. Mtu wao wa majani aliugua, wakaniomba. Nilipokuona nilifurahi, nikasema ngoja nimchokoze wa kwetu, atanijibu nasi tucheke. Madamu sikumwona. Kisha ulipoandika nikaogopa, nikajificha nyuma ya sheria. Hilo ndilo baya kuliko tusi lenyewe.

Ukitaka kushtaki, jina la kuandika ni langu. Mahakama haitaniacha kazini, lakini sitakana.

Rasto

Busia, 8 Novemba 1967

Rasto,

Huku hatujambo. Nililia, kisha nikakasirika, sasa nimetulia kidogo.

Sishtaki. Jumamosi tarehe kumi na nane mapacha wa Aguti wanatolewa nje kwa ngoma yao, pale nyumbani Malaba. Nimemwalika Madamu na amekubali. Nitamkalisha mbele. Nawe utasimama karibu naye bila majani, bila kibuyu, umevaa suti yako ya mahakamani.

Nitakujibu. Padri nimeshamwambia kwamba siku hiyo mdomo wangu hautakuwa wa kanisani, akacheka. Nitasema habari za meno yako, za kukojoa kitandani mpaka darasa la nne, na za mwalimu uliyemkimbia ukaacha kaptula kwenye seng'enge. Mengine ni ya uongo kabisa, nimeyatunga wiki nzima. Na wewe utamfasiria Madamu kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama ulivyoapa kazini kwako. Nikimaliza, atajua mwenyewe matusi ya ngoma yana uzito gani.

Mtungi wangu nitaujaza asubuhi hiyo kwa kukamua mbele ya macho yake.

Njoo umeshiba. Nina mengi, na sitakatiza.

Dada yako mkubwa,
Felistus