Mnyoo Kwenye Uji

Baba Salu,

Nimempeleka Salu hospitali kwa bodaboda, tumbo bado linamkata. Vidonge vya minyoo viko juu ya kabati, kwenye bahasha ya kaki. Kimoja cha Violeth, kimoja cha Bujiku. Wasimamie hao wadogo zake mpaka wameze, maana Bujiku huficha dawa shavuni.

~~Usipike uji.~~ Pika tu uji, ila bakuli la bluu usilitafute. Nimelitupa kwenye shimo la choo.

Asubuhi, ulipoondoka kwenda mnadani, Salu alikohoa akiwa anakunywa uji. Mnyoo ukamtoka mdomoni, ukaangukia bakulini, mrefu, mweupe, unajinyonganyonga. Nilitapika mpaka nyongo. Hata sasa ninavyoandika, mate yananijaa kwa kinyaa.

Na wewe ndiye uliyemzuia nyumbani siku walimu walipogawa dawa shuleni! Ukasema, "Mama anasema kila mtu kazaliwa na minyoo yake tumboni, nzoka zake, ukiziua mtoto anadhoofu." Nilinyamaza kwa heshima. Sinyamazi tena.

Mama mwenyewe alikuwepo, amekaa mkekani. Aliuangalia ule mnyoo ukihangaika kwenye uji wa mjukuu wake, akaziba mdomo kwa khanga. Niliporudi na vidonge kutoka duka la dawa, akaninyooshea mkono: "Mkwe wangu, na mimi nipe changu." Akakitafuna palepale, hata maji hakusubiri.

Kidonge kilichobaki ni chako. Usinisogelee kabla hujakimeza.

Mama Salu