Ushauri Wako wa Florida, Anko, Nimeujaribu

Anko Karis,

Hakuna Mkenya aliye hai anayejua besiboli kunishinda mimi. Aliyekuwa ananikaribia ni wewe, na wewe ukaenda ukafa. Kwa hivyo taji ni langu, na usigune huko uliko kama ulivyokuwa unaguna nikijisifu mezani. Niliacha chuo muhula wa pili, naosha magari hapa Anoka, mji wa theluji jirani na kwako, na bado wenye digrii zao wananiuliza mimi kwa nini yule amekimbia na yule amesimama.

Nimetoka Florida. Ndiyo, ile safari.

Unakumbuka kila Februari, theluji ikifika magotini, ulivyokuwa unasimama sebuleni kwako Champlin na kikombe cha chai, unahubiri jinsi mtu anavyopaswa kwenda kutazama spring training, zile mechi za mazoezi kabla msimu haujafunguliwa? Ukae wapi, ubebe nini, ufike saa ngapi. Watu wa fellowship yetu ya maombi walikuwa wanakusikiliza kama pasta. Na wewe hujawahi kukanyaga Florida! Yote uliyapata kwa yule mgonjwa wako kule nyumba ya wazee, wewe unambadilishia shuka, yeye anakupa mhadhara.

Lakini wacha nikwambie kwanza kwa nini tulienda. Tangu tukuzike Nyahururu, Anti Wambui amekuwa mtu wa kazi na kitanda. Anaenda zamu hospitalini, anarudi, anazima taa. Chakula anapika, ananipakulia mimi, yeye anaonja tu. Januari akaniambia anataka kuuza nyumba arudi Kenya akae karibu na kaburi lako. Nilitoka nje kusafisha theluji, nikasafisha ya jirani. Anko, mimi huku nina watu wangapi? Nina Anti.

Basi nikajikaza, nikamwambia kwa ile sauti yangu ya mkubwa, "Anti, kabla hujauza hata kijiko, twende ile safari ya Anko. Tukirudi na bado unataka kuuza, nitakubebea masanduku mimi mwenyewe." Akasema, "Na chapati za njiani atapika nani?" Nikajua amekubali.

Sasa sikiza ripoti.

Ulisema mtu aende asubuhi kwenye vile viwanja vya nyuma wanakofanyia mazoezi, maana hakuna kiingilio na wachezaji wanapita karibu nawe. Kweli tupu, hapo nakupigia saluti. Jumamosi tulisimama kwenye kamba, mimi nimeshika kofia yako na kalamu yangu mwenyewe kama ulivyoagiza, na mastaa wawili wakatia sahihi. Mmoja aliniita "boss". Niliwaambia wote kule car wash.

Sasa huyo mke wako. Alipita kijana mmoja mwembamba, miguu kama ya korongo, mgongoni namba ya tisini na kitu, zile wanazopewa ambao hakuna anayewajua. Hakuna aliyemwita. Anti akamwita. Unadhani aliomba sahihi? Alimuuliza kama amekula! Kijana ni wa kutoka visiwani huko wanakozungumza Kihispania, Kiingereza chake cha kuombea maji, lakini hilo swali halihitaji kamusi. Anti akafungua foili, akampitishia chapati juu ya kamba. Mlinzi anamwangalia Anti, mimi naangalia mawingu. Kijana akaikunja akaila yote pale pale, akamwita "mami". Na mchana huo, Anko, Anti alimaliza sahani yake. Nilijifanya sioni.

Ushauri wako wa mafuta ya jua, ati hata sisi weusi tujipake, niliucheka. Leo pua yangu inabambuka kama rangi ya darasa la shule ya msingi. Kile kivuli cha upande mmoja wa uwanja ulichoapia hakipo, upande ule ni tanuri. Nikifika huko tutazungumza.

Lakini ushauri mkubwa kuliko wote ulikuwa ule wa kufika mapema. Ulisema mechi hizi si za ligi, mastaa wanacheza raundi chache tu kisha wanaoga na kwenda zao, na ukichelewa utawaona wakiendesha magari. Nilikuwa naujua kwa moyo. Basi Jumapili tukachelewa.

Si mimi! Dukani siku iliyotangulia Anti alikuwa ananigombeza kwa Kikuyu juu ya nyanya, na mama mmoja kwenye foleni akageuka. Sijui hawa watu wananusana vipi. Kabla hatujalipa tulikuwa tumealikwa kanisani. Nikasema sawa, ibada saa nne, mechi saa saba, mimi ni dereva hodari, tutafika. Anko, mimi wa kusahau jinsi kanisa la Wakenya lisivyoangalia saa! Kwaya ya kwanza, kwaya ya pili, halafu "wageni wetu kutoka mbali wasimame watusalimu". Anti akasimama. Akashika maikrofoni, akataja jina lako lote, mpaka la babako. Tangu mazishi sijawahi kumsikia akilitaja. Alisema, "Mume wangu alitaka sana kuja hapa, kwa hivyo nimekuja." Akina mama wakamzunguka. Mimi nahesabu raundi kichwani na machozi yananitoka, vyote viwili kwa pamoja. Kisha ikawa chai na mandazi, na wewe unajua hakuna Mkikuyu anayetoka kwa watu kabla ya chai.

Tulipofika langoni, mkoba wa Anti ukakataliwa. Ule mkubwa, wenye thermos ndani. Wewe ulitangaza mkoba uwe mdogo wa plastiki inayoonyesha kila kitu, ukamtangazia kila mtu isipokuwa mkeo. Nikakimbia nao mpaka kwenye gari na suti yangu ya kanisani. Kuingia, raundi ya sita. Mastaa wote wameshaenda. Uwanjani wamebaki wa namba za tisini.

Nilitaka kulia. Anti hata hakujua tumekosa nini. Alitandika leso yake kwenye mteremko wa nyasi kule nyuma, kati ya wastaafu wenye kofia pana, akavua viatu vya kanisa. Akasema, "Si yule mtoto wangu?"

Ni yeye, korongo. Amesimama na fimbo. Akakosa, akakosa tena. Anti anaongea polepole, "Kula mpira huo, kula." Na Anko, yule mtoto akaupiga. Ukapaa, ukatupita juu ya vichwa, ukaanguka huko kwenye maegesho. Home run! Na Anti Wambui akasimama na soksi na kupiga vigelegele. Vile vya harusi, vitano vizima. Uwanja wote uligeuka. Kijana alikuwa anazunguka vituo vyote taratibu, maana mpira ukitoka hivyo hakuna wa kumzuia, akaangalia juu kwenye nyasi, akagusa tumbo lake. Anti alicheka mpaka akakaa chini.

Timu kubwa hawakumchukua. Wamempeleka timu yao ndogo, na iko wapi? Saint Paul, Anko! Nusu saa kutoka jikoni kwetu. Anti ameshakata tiketi za msimu mzima wa joto. Nyumba, anasema, ingoje kwanza, "huyo mtoto hajui baridi ya Aprili, nani atamwambia avae?"

Basi pumzika, Anko. Nitampeleka kila mechi, nitamweleza sheria polepole hata akiuliza mara mia, na nitajipaka mafuta. Tutafika mapema, isipokuwa Jumapili.

Kila kilichoharibika kule kilijitengeneza chenyewe. Ila kimoja. Vile vigelegele vilipoanza, niligeuka haraka upande wangu wa kushoto, ulikokuwa unakaa tukitazama mechi, mdomo wazi, nikuulize kama umesikia. Palikuwa na mzee mmoja mzungu anakula karanga.

Wako,
Kevo