Homa Aliyoificha Dada Yako

Mwanangu,

Angalia gesi, sikumbuki kama nimeifunga. Chai iko kwenye chupa. Nguo nimeloweka, zisuuze, na usijifanye hujaziona.

Namrudisha dada yako hospitali. Asubuhi nimemkuta macho yamekuwa ya njano, mgongo unamuuma, mkojo mweusi kama kahawa. Kumbe ana homa tangu juzi, anajifunika shuka na kutuambia hajambo! Nesi kanieleza kwenye simu kwamba huenda mwili unaikataa ile damu aliyoongezewa wiki iliyopita. Tuwahi.

Nilipomgombeza akalia: "Mama, kaka atavunjika moyo." Maana kila ukirudi kazini unamtania, "Damu yangu inaendeleaje humo ndani?"

~~Usije, pumzika kwanza.~~ Njoo sasa hivi, na kadi yake iliyo juu ya kabati.

Na hili nilipaswa kulisema siku ile ile uliyomtolea damu. Damu yako iliwekwa benki ya damu, yeye akapewa ya mtu mwingine. Niliambiwa, nikanyamaza, kwa jinsi ulivyokuwa unatembea kifua mbele.

Mwambie wewe. Mimi kila nikifungua mdomo naona haya.

Mama yenu